Sero ya Tonini

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu na ndoo mbili za rangi zilizopinduliwa, pale Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, ubavuni mwa duka la mapazia ambalo mwenye duka keshachoka kuwafukuza. Idrisa muuza kahawa akishatua dele lake juu ya jiko la mkaa, wenye kijiwe hawakawii. Mzee Abdulkadiri huja wa kwanza na fimbo yake, na kwa kuwa kwake hakuna jambo jema duniani ambalo halikuanzia Pwani, wamempa jina la Mzee Asilia. Zahoro wanamwita Redio. Husikia nusu ya habari, nusu nyingine huitunga mwenyewe. Zakayo alilinda geti la hospitali moja miaka mingi, akatoka pale na kofia ya ulinzi na jina la Dokta Geti, na ushauri wa tiba hautoi mpaka akunje nne. Wa mwisho ni Bakili, fundi zipu za mabegi, mtu wa Lindi, na jina lake la kijiweni ni Presha. Halihitaji maelezo: msalimie kwa sauti asiyoipenda, tayari amechemka. Siku hiyo alikuja amechemka tangu nyumbani, na kwenye mfuko wa shati alikuwa na kikopo kidogo cha zafarani ambacho hakutaka mtu akione.

— Wazee, mmesikia? — Redio alianza hata hajakaa sawasawa. — Leo asubuhi wametangaza, dawa ya sonona imepatikana. Na iko hapahapa mjini. Zafarani!

— Dawa ya nini? — aliuliza Mzee Asilia.

— Sonona.

— Huyo Sonona ni nani?

— Si mtu, mzee wangu. Ni ugonjwa. Ule mtu anakaa tu, chakula hakina ladha, usingizi hana, au analala kutwa. Moyo umezima.

— Aa, kumbe majonzi! Sasa si mseme majonzi? Mnatafuta maneno makubwa ya nini?

— Si majonzi, mzee, — Dokta Geti aliingilia. — Majonzi yana sababu. Umefiwa, unalia, arobaini inapita, unaanza kucheka. Hii haina msiba wala arobaini.

Bakili aliinamia kikombe chake. Nyumbani kwake Mchikichini, Mwanamkuu, mkewe, alikuwa amelala kaukabili ukuta tangu mfungo wa Ramadhani uishe. Mwanamke aliyekuwa akikaanga maandazi barazani huku akitaniana na mtaa mzima, sasa hata kuchana nywele kwake ni safari. Hospitali walimpa vidonge, wakasema visikatizwe, vitachukua wiki kadhaa kabla havijaanza kuonyesha kazi. Lakini Bakili hana subira ya wiki, hata ya chai kupoa hana. Ndugu wa mke walisema anadeka. Wifi wa Mwanamkuu akasema ni jini. Ndipo asubuhi hiyo Bakili akaisikia redio hiyohiyo aliyoisikia Zahoro, akaenda mbio kununua zafarani, akakata shauri: jioni atamtilia kwenye maziwa, kimyakimya, na vile vidonge ataviweka juu ya kabati visionekane. Kijiweni alikuja kutafuta mtu wa kumwambia umefanya vyema, bila yeye kusema mgonjwa ni nani.

— Sasa wamesema inafanyaje kazi? — aliuliza, akijitia hana habari. — Nina jirani yangu ana hali hiyo.

— Jirani yupi?

— Jirani ni jirani! Unataka na namba ya nyumba? Jibu swali.

Redio alimtazama Dokta Geti, Dokta Geti akatazama kashata yake.

— Basi, poa, — Redio akajibu. — Wamesema zafarani ina viambata fulani ndani yake. Hivyo viambata huenda vikasaidia kupandisha serotonini kwenye ubongo.

— Wamesema huenda? — Mzee Asilia akatega sikio.

— Ndiyo, huenda.

— Huenda wapi?

— Si nimesema? Kwenye ubongo.

— Vyenyewe tu? Havipelekwi?

— Vyenyewe, mzee. Unakunywa, vinaenda.

Hivyo ndivyo lile neno, ambalo bila shaka mtangazaji wa watu alilitamka kwa tahadhari zake zote, lilivyofika Mtaa wa Mkunguni likiwa limegeuka safari. Na hakuna aliyelirudisha.

— Na hiyo sero ya Tonini ni nini? — Bakili aliuliza.

— Serotonini.

— Ndiyo hiyohiyo ninayosema. Sero ya Tonini. Kuna mtu kawekwa ndani?

Dokta Geti alikunja nne. Kijiwe kizima kikajua somo limeanza.

— Hapo mmefika kwa wenyewe. Sikilizeni. Ubongo una seli. Seli nyingi, za magereza ya Keko na Segerea ukizijumlisha hazifiki hata robo. Sasa tonini ni maji ya furaha. Seli ya kwanza inayafungulia, yanatoka, yanavuka uchochoro kwenda seli ya pili kupeleka salamu: oya, mambo poa, amka, kapike, kacheke na wenzako. Umenielewa?

— Nimekuelewa.

— Kwa mgonjwa wa sonona sasa. Maji yametoka, yako uchochoroni, salamu haijafika sawasawa. Ile seli iliyoyafungulia inayavuta tena ndani. Yanarudishwa sero!

— Kwa kosa gani? — Bakili alifoka, kahawa ikamwagika. — Yamemkosea nani?

— Hayajakosea. Ndiyo utaratibu.

— Utaratibu gani wa kumkamata aliyebeba salamu? Hii noma sasa! Barabarani mgambo, sokoni mgambo, kumbe hata ndani ya kichwa cha mtu kuna mgambo!

— Tulia, Presha. Ndipo kinapoingia kidonge cha hospitali. Kidonge kinasimama getini. Kinazuia yasirudishwe ndani. Yanajaa nje kidogokidogo, salamu inafika.

— Mbona hakifanyi kazi siku hiyohiyo?

— Mlinzi mpya huyo! Atalijuaje geti siku ya kwanza? Mimi mwenyewe ilinichukua muda kumtofautisha mganga mkuu na muuza karanga. Nilishamzuia mganga mkuu, karanga zikaingia wodini.

Idrisa alicheka mpaka akaweka dele chini. Bakili hakucheka. Kwa mara ya kwanza alikuwa amepata picha ya vile vidonge vidogo vyeupe, na hakujua kama aichukue au aikatae. Hospitali walimweleza pia, lakini walieleza haraka, foleni ndefu, na yeye alikuwa ameshaanza kugomba kuhusu foleni.

— Na zafarani je?

— Zafarani nayo inasimama getini, nadhani. Ni mlinzi vilevile, ila wa jadi. Ana rungu.

— Basi si wasimame wote wawili! — alisema Mzee Asilia. — Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

— Mzee, hapa hakuna ng'ombe. Geti moja, walinzi wawili, kila mmoja anazuia! Huko nje yatajaa mpaka mtu aanze kutetemeka. Redio, hawakusema lolote kuhusu kuchanganya?

— Walisema kitu mwishoni, — Redio alijikuna kidevu. — Kuhusu wale wanaotumia dawa za hospitali... wasije... ila bodaboda ikapiga honi.

— Wasije wakafanya nini?

— Si nakwambia honi?

— Sasa wewe ni redio gani, inakata kwenye jambo la maana? — Bakili alimgeukia. — Huwa unatuletea mpaka rangi ya soksi za mchezaji aliyesajiliwa, leo kwenye uhai wa mtu unatuletea honi!

— Usinizingue, Presha. Uhai wa nani? Si jirani?

Mkono wa Bakili ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati, ukarudi.

Mzee Asilia alikuwa akingoja nafasi kwa muda mrefu. Aligonga fimbo chini.

— Mimi nawaacha na mageti yenu. Kinachoniudhi mimi ni wizi. Zafarani hii sisi tunaijua tangu enzi na enzi. Bibi yangu kule Mafia, mtu akizubaa, akikaa na moyo mzito, anaandikiwa kombe. Sahani nyeupe, aya zinaandikwa kwa wino wa zafarani, zinaoshwa kwa maji ya marashi, mgonjwa anakunywa. Anaamka! Leo anatokea mtu na miwani anasema amegundua. Amegundua nini? Sahani ya bibi yangu?

— Hapo umenena, mzee, — alisema Redio. — Penye miti hapana wajenzi.

— Wajenzi tulikuwepo! Wametuibia miti!

— Lakini mzee, — Dokta Geti aliuliza kwa adabu, — zafarani si inatoka Uajemi?

— Na Waajemi walikuja wapi? Si Kilwa?

— Walikuja.

— Basi. Unafikiri waliifuata nini?

— Biashara.

— Waliifuata sahani! Na hawa watalii nao wanaozungushwa Zanzibar kwenye mashamba ya viungo, unadhani mtu atatoka kwao na baridi yote ile aje kunusa mdalasini, apige picha na iliki, arudi? Wapelelezi wale! Anajifanya anaumwa, anaandikiwa kombe, nusu anakunywa, nusu anaficha kwenye chupa. Akifika kwao anapima. Ndiyo hiyo serotonini yenu.

Redio hakukubali kuachwa nyuma kwa uzushi, kijiwe ni chake.

— Mimi naona jambo kubwa zaidi. Zafarani inatiwa kwenye nini? Biriani. Sasa niambieni, nani ameshamwona mtu amenuna mbele ya biriani?

— Mimi, — alisema Idrisa. — Ikiwa haina nyama.

— Nyama si hoja. Piteni Upanga, kwa Wahindi, saa ya chakula, ngazi zote zinanukia zafarani. Ndiyo maana kule shwari. Unamkata mtu na bajaji, anakupungia mkono. Huku kwetu biriani mpaka mtu aoe. Kwa hiyo furaha yetu yote inategemea harusi, na vijana hawaoi! Hesabu ni hiyo.

— Na timu ya Jangwani ikifungwa? — Dokta Geti alisahau utaalamu wake akaingia mzima mzima. — Jioni ile nusu ya mji tonini inarudishwa sero kwa mkupuo! Ingetakiwa izungushwe zafarani uwanjani, kila mshabiki kijiko.

— Itiwe kwenye bomba la maji kabisa!

— Maji yenyewe yanatoka lini?

— Ndiyo maana tuna sonona!

Walipiga makofi, wakagongana mabega. Bakili alikuwa akiwatazama mmoja mmoja na moto ukimpanda. Anaudhi mtu anayecheza na ugonjwa wa mwenzake kama anacheza bao, na zaidi anaudhi ukiwa ni wewe uliyemkaribisha kwenye mchezo. Bado angemeza, lakini Redio ni mtu ambaye akishafurahi hujisahau.

— Ila tuseme ukweli, — Redio alisema, akilamba kashata kidoleni, — wengine wanadeka tu. Waswahili walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mtu kama huyo jirani yako angepewa kazi ngumu ya siku mbili...

— Nani anadeka?

— Nasema wengine.

— Rudia! Nani anadeka? — Bakili alikuwa ameshasimama. — Mtu anaamka kabla ya adhana anakanda unga, mikono imeungua mafuta miaka yote, hajawahi kukosa siku hata moja, leo kijiko kinamshinda kukinyanyua, huko ndiko kudeka? Anayedeka anakosa usingizi? Anayedeka anakwambia samahani kila unapoingia mlangoni, samahani, samahani, utadhani amekuvunjia kitu? Mtu akivunjika mguu mnamletea machungwa. Akivunjika huku ndani, mnamletea methali!

Hata mwenye duka la mapazia alichungulia.

— Kaa, mwanangu, — alisema Mzee Asilia kwa sauti nyingine, ile ya kweli. — Kaa unywe kahawa yako.

— Presha, yaishe, — alisema Redio. — Nimekosa. Ulimi huu.

Bakili alikaa. Pumzi zilipomrudi aliona ameshasema mengi, na lililobaki halina maana kulificha. Akatoa kikopo mfukoni, akakiweka katikati ya benchi.

— Nimemnunulia hii. Huyo jirani. Mzee, nusa, uniambie kama ndiyo yenyewe.

Mzee Asilia alifungua kifuniko, akasogeza pua, akakunja uso. Alinusa tena.

— Umeinunua wapi?

— Duka moja la viungo huku nyuma. Wameandika asilia kabisa, mara mbili.

— Mimi sikuandikwa hata mara moja na ni asilia. Idrisa, lete kikombe cha maji ya moto.

Idrisa alimimina maji kwenye kikombe cheupe cha kahawa. Mzee Asilia alitia nyuzi tatu nne, kwa vidole vya mtu anayekumbuka alivyoonyeshwa.

— Zafarani ya kweli haina papara. Inatoa rangi polepole, ya manjano, rangi ya dhahabu. Na uzi wenyewe unabaki mwekundu. Sasa tazameni.

Hawakuhitaji kutazama sana. Maji yaligeuka mekundu papo hapo, wekundu wa juisi ya rangi inayouzwa kwenye mifuko, na zile nyuzi zikaelea juu zimekwajuka, nyeupe, nyembamba. Dokta Geti alinyanyua moja kwa kijiti.

— Hizi ni ndevu za mahindi, wazee.

— Ndevu za nini?

— Mahindi! Zimetiwa rangi. Presha, umepigwa.

Kelele zilizuka upya. Redio alisema wamechakachua mafuta, wakachakachua mchele, sasa wanachakachua hata dawa ya huzuni, tukimbilie wapi? Mzee Asilia alisema enzi za bibi yake mtu wa namna hiyo angehamishwa kisiwa. Idrisa alimwaga kile kikombe mtaroni kwa hasira, na kikombe chenyewe akakisuuza mara tatu. Lakini hasira zao wote zilikuwa ndogo mbele ya ile ya Bakili, ambaye alikuwa amekikamata kikopo kwa mikono miwili.

— Rangi! — alisema. — Nilikuwa naenda kumpa mke wangu rangi! Leo jioni, kwenye maziwa!

Aliyasema hayo mtaa mzima ukamsikia. Kisha akasikia mwenyewe alichosema.

Hakuna aliyeonyesha kushtuka. Redio aliangalia viatu vyake.

— Tulijua, mwanangu, — alisema Mzee Asilia.

— Mlijua nini?

— Kwamba ni mama wa maandazi. Yale maandazi si tuliyala hapahapa, kwenye benchi hili? Yamekatika tangu Idi. Tulijua.

— Mbona hamkusema?

— Wewe ulisema jirani. Mambo ya nyumbani kwa mtu hayafunuliwi barazani. Tukasema basi, jirani.

Bakili hakujua amshukuru au amgombeze, kwa hiyo akageukia pale ambapo hasira ina njia. Akakinyanyua kikopo juu.

— Huyu muuza ndevu za mahindi atanitambua leo!

— Twende! — Redio alisimama. — Tunaenda wote!

— Ila Presha, — Dokta Geti alimshika mkono, na hakuwa amekunja nne. — Vile vidonge vyake usiviguse. Mwache aendelee navyo. Kama kuna cha kuongeza, twende hospitali tukaulize kwanza. Mimi ya ubongo nabahatisha, ila lile geti nalijua, utaingia.

— Nimekusikia. Twende dukani kwanza.

Walikuwa wameshapiga hatua mbili, Mzee Asilia ametanguliza fimbo, aliposema mtu ambaye hawakuwa wamemtia maanani. Alikuwa mama mmoja, mgeni, ameketi juu ya robota la mapazia aliyoyanunua pale dukani, akisubiri mkokoteni wa kuyapeleka stendi. Idrisa alikuwa amempa kahawa, naye alikuwa ameinywa taratibu muda wote huo bila kutia neno. Kwa lafudhi alikuwa mtu wa Njombe au huko karibu.

— Samahani wazee wangu, shikamooni.

— Marahaba, mama, — walijibu, miguu ikitaka kuondoka.

— Mimi mpita njia tu. Nimewasikiliza tangu mwanzo, yaani nimejifunza mengi, sikujua hata kama ubongo una sero. Ila kuna kitu labda kimenipita. Mwenyewe anasemaje?

— Mwenyewe nani? Mwenye duka? — aliuliza Redio.

— Hapana. Mgonjwa.

Redio alimtazama Dokta Geti. Dokta Geti alimtazama Mzee Asilia, na Mzee Asilia akamtazama Bakili, na hapo pakawa hapana tena wa kumsukumia swali.

— Hajasema kitu, — alijibu Bakili. — Kutwa kanyamaza.

— Hajasema, baba, au hajaulizwa?

Bakili aliikusanya hasira yake yote. Alikuwa na jibu, la ukali, tayari kooni: wewe mama haya yanakuhusu nini, funga mapazia yako uende. Hata kidole alishakiinua. Lakini hapohapo aliona jinsi alivyohangaika. Alimuuliza daktari. Aliwauliza ndugu, wifi, shehe wa mtaa. Aliisikiliza redio, akamsikiliza muuza viungo, akaja kuwasikiliza hawa mpaka habari za biriani ya Upanga. Kwa Mwanamkuu mwenyewe maswali yake yalikuwa umekula, umemeza dawa, utaamka lini, watu niwaambieje. Wala hakuwahi kukaa kwenye ukingo wa kile kitanda akamuuliza kukoje huko aliko. Na jioni hii alitaka kumnywesha kitu bila hata kumwambia. Aliona aibu, aibu ya kweli, na kidole kikashuka.

Mama wa Njombe hakungoja jibu. Mkokoteni wake ulikuwa umefika. Alirudisha kikombe, akamshukuru Idrisa, akaanza kuelekeza robota lipandishwe upande gani.

Bakili alikiweka kikopo benchini, akaondoka.

— Presha! — Redio alimwita. — Duka si huko!

— Siendi dukani.

— Na hii feki tuifanyeje? Umeiacha!

— Kamrudishieni. Mwambieni ndevu zake hizo.

Alishika Mtaa wa Msimbazi kuelekea Mchikichini, akipenya kati ya mabegi yaliyotundikwa na masufuria yaliyopangwa chini, wamachinga wakimnadia masikioni. Swali lenyewe lilikuwa fupi, lakini hakujua litatoka vipi akishafika mlangoni. Mdomo wake haujazoea. Akaona heri alijaribu njiani, kwa sauti.

— Una nini wewe?

Hapana. Hilo ni la ugomvi, na alishamuuliza hivyo mara nyingi mno.

— Unataka nini sasa?

Hilo ndilo baya zaidi.

— Unasemaje?

Mbeba mizigo mmoja, katoni zimemfika kisogoni, alisimama mbele yake akamtazama kwa wasiwasi.

— Sijasema kitu, mzee wangu. Pita tu.

— Si wewe, ndugu yangu. Niwie radhi, — alisema Bakili, akasogea ukutani kumpisha na mzigo wake. Akangoja mpaka amepita, akashusha pumzi, akalijaribu tena kwa sauti ya chini.

— Mwanamkuu, mke wangu. Unasemaje?

Bado lilikuwa na ukali kidogo mwishoni. Akavuka barabara huku akilirudia.